Kimya cha Staha: Mada juu ya Kuwatayarisha Vijana Wetu kwa Masomo ya Ughaibuni



Nimetakiwa kwanza nieleze maana ya utamaduni na ya mawasiliano, nami nautimiza wajibu huo upesi, maadamu hakuna ukumbini humu asiyeyajua: utamaduni ni jumla ya mila, ada na mazoea ya watu, mawasiliano ni kufahamishana kwa ulimi, kwa wajihi, kwa mkono na hata kwa kunyamaza. Hilo la mwisho ndilo nitakalolikalia.

Kwenda mbali kwa ajili ya elimu si jambo geni kwetu. Mwalimu Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949 akarejea 1952 na shahada yake. Na baada ya uhuru vijana wetu walikwenda Leipzig, ambako Taasisi ya Herder iliwafundisha wageni Kijerumani kwanza, na Moscow, ambako Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, kilichoanzishwa 1960, kiliwasomesha Kirusi kabla ya fani zao. Leo Tume ya Vyuo Vikuu humpa msafiri cheti cha kutokuwa na pingamizi, na wakala humpa tiketi na nasaha juu ya koti la baridi. Yote hayo ni mema, wala sikuja kuyatia dosari.

Lakini mtazameni kijana wa Mbagala aliyesimama katika maabara ya chuo cha ugenini. Mwalimu wake amemweleza namna ya kupima dawa, kisha akamwuliza kama ameelewa. Naye, ilhali hakuelewa hata nusu, ameinamisha macho, ameitikia ndiyo, kwa sababu tangu utotoni amelelewa kuamini kwamba kumwambia mkubwa "sikuelewa" ni kama kumwambia kwamba hakujua kueleza. Kipimo kikiharibika, mwalimu hahesabu kwamba ameheshimiwa. Huhesabu kwamba amedanganywa. Siku kijana huyo akiugua akakosa mtihani, humwandikia profesa barua ndefu, aya ya kwanza ya salamu, ya pili ya kuulizia afya ya jamaa, na haja yenyewe ikaja mstari wa mwisho, ambao mtu mwenye barua nyingi za kusoma aghalabu haufikii. Hapo hapana ujinga wala utovu wa adabu. Pana adabu mbili zilizopishana njiani zisijuane.

Na kimya hicho hakikuanzia uwanja wa ndege. Mtoto wa shule zetu za serikali husoma msingi kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza akakuta masomo yamegeuka Kiingereza. Akithubutu kuuliza, wenziwe humcheka kwa matamshi, na akiuliza kwa Kiswahili, mahali pengine huadhibiwa. Basi hujifunza, kabla ya hesabu na kabla ya baiolojia, kwamba salama yake i katika kufunga mdomo na kukariri ubao. Sisemi haya kuilaumu wizara wala afisi yoyote, kwani sera ina wenyewe. Ila nimeyasema katika semina kadhaa, yakaandikwa katika mihtasari, na mihtasari ikafungiwa kabatini.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila balaa hutibiwa kwa ufundi wa maneno. Binti wa Kitanzania aliyeshambuliwa na kundi la watu huko Bengaluru, India, mwishoni mwa Januari 2016, kwa ajali ya gari isiyomhusu, hakukosea ada ya mtu yeyote. Kijana afundishwe kuongea, lakini afundishwe pia kwamba dhuluma si kosa lake, na kwamba ana haki ya kuikataa. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin tangu 1900, aliiacha kazi mwaka 1905 kwa kukosewa heshima na wanafunzi wake. Mtu aliyewaandikia Wajerumani desturi za Waswahili alijua pia mahali pa kukataa.

Napendekeza, kwanza, kila shule yenye kidato cha tano na cha sita iweke kipindi kimoja kwa juma cha kuuliza tu, mwanafunzi asipewe alama kwa jibu bali kwa swali. Pili, mwalimu aambiwapo "sikuelewa" ashukuru, asikunje uso. Tatu, waliorejea kutoka ng'ambo waitwe wasimulie fadhaa zao pamoja na shahada zao. Nne, wazazi wamruhusu kijana kuhoji shauri nyumbani, kwa staha, bila ya kuitwa mjeuri. Tano, waendao China waanze lugha mapema katika Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sita, kila msafiri aandike barua ya haja kwa mistari mitano, haja ikija mara baada ya salamu moja, na mwalimu airudishe mpaka inyooke. Saba, awe na namba ya simu ya ubalozi wetu, na aambiwe kwamba kuipiga si aibu. Nane ni ile ya kwanza, nairudia kwa makusudi: kipindi cha kuuliza.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kipindi hicho kisiishie katika muhtasari. Kipangiwe mwalimu, siku na saa kabla hatujatoka ukumbini humu.