Mazoezi Makali ya Muda Mfupi au Mwendo Mrefu wa Wastani?

Hotuba ya afisa wa afya ya umma katika baraza la wananchi



Wengi mnatuuliza: je, mazoezi makali ya muda mfupi yanatosha, au ni lazima mtu atembee mwendo mrefu?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2020 unasema mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Yaani, dakika moja ya mazoezi makali ni sawa na takriban dakika mbili za wastani. Unaweza pia kuchanganya.

Tofauti utaijua kwa mdomo wako. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, hayo ni ya wastani. Ukishindwa kusema zaidi ya maneno machache kabla ya kuvuta pumzi, hayo ni makali. Anayelima kwa jembe au kwenda kazini kwa baiskeli, naye ahesabu dakika zake.

Mazoezi makali humfaa asiye na nafasi. Kupanda kilima mbio kwa nusu dakika, kisha kushuka polepole, na kurudia mara kadhaa, huimarisha moyo na mapafu. Lakini hata wanariadha wetu wa Iten hukimbia sehemu kubwa ya kilomita zao polepole. Msingi hutangulia.

Ndugu zangu, presha mara nyingi haina dalili. Mtu aliyekaa miaka mingi bila mazoezi, akiamka siku moja na kuanza mbio kali, anaweza kuuhatarisha moyo wake. Mwenye presha, sukari au ugonjwa wa moyo apite kituo cha afya kwanza, kisha aanze kwa kutembea. Ukihisi maumivu kifuani au kizunguzungu, simama na utafute matibabu mara moja.

Dakika 10 asubuhi, 10 mchana na 10 jioni, kwa siku 5, ni dakika 150. Haba na haba hujaza kibaba.

Wahudumu wa afya ya jamii wako pale chini ya mwembe na mashine ya presha. Kupimwa ni bure. Pimweni kwanza, halafu kila mmoja achague mwendo wake.