Tuwape Wajukuu Kiti Katika Kamati

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili, Mtwara)



Nimeombwa nizungumzie namna ya kufikiri kwa niaba ya vizazi vijavyo tunapopanga miradi. Wengi wataona ni jambo la mbali, kwa hiyo naomba tuanze na lililo karibu, yaani bandari yetu.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ili karanga za Nachingwea zifike baharini, ikajengwa reli, na hapa Mtwara bandari ya kina kirefu. Wapangaji walikuwa na haraka, hawakuchunguza vya kutosha mvua na udongo. Mwaka 1951 mradi uliachwa, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Reli iling'olewa katika miaka ya 1960. Bandari ikabaki, na hadi leo korosho zetu zinapita hapo. Nasi tunapanga upya reli, safari hii ya kwenda hadi Mbamba Bay.

Sisi ni wajukuu wa uamuzi ule. Kama tungekuwa na kiti katika kikao chao, tungewaambia: pimeni mvua kwanza, gati lijengeni imara maana litawazidi umri, na reli msiing'oe, tutaihitaji. Kwetu haya ni rahisi kuyaona kwa sababu tumekuja baadaye. Na sisi wapo watakaokuja baada yetu.

Nchini Japani, mwaka 2015, mji mdogo wa Yahaba uliwaita wananchi wapange maendeleo ya mji hadi mwaka 2060. Mbinu hiyo ilitokana na kazi ya mwanauchumi Tatsuyoshi Saijo na wenzake. Makundi mengine yalizungumza kama watu wa leo. Mengine yalivaa joho maalumu na kuzungumza kama wakazi wa mwaka 2060. Makundi ya leo yalijikita zaidi katika upungufu unaowasumbua. Yale ya 2060 yalianza na hazina za mji wao, yakaja na mawazo mapya, na yakawa tayari kushika kwanza mambo magumu.

Je, hapa kwetu ingekuwaje? Tangu mwaka 2000 tunayo Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Ndani yake kuna mikoko, nyasi bahari na matumbawe, na pia vijiji vya watu wanaohitaji kula. Pwani hii imeumizwa na uvuvi wa baruti, na matumbawe yamechimbwa na kuchomwa chokaa. Tumbawe kubwa la mviringo hukua takriban sentimita 1 kwa mwaka. Lenye kimo cha mita 1 lilianza maisha kabla ya mradi wa karanga, na baruti hulivunja kwa sekunde moja.

Mara nyingi vikao vyetu hukwama kwenye swali moja: tukataze au turuhusu? Wenye mamlaka upande huu, wavuvi upande ule. Mjukuu wa 2060 akiketi kati yao hataulizia nani alaumiwe. Atauliza: "Mlipoacha chokaa ya matumbawe, nyumba mlijengea nini? Mwamba ulipopumzika, akina mama walipika nini?" Maswali hayo yanatuondoa kwenye ugomvi na kutupeleka kwenye ubunifu. Kule Pemba, wananchi wa Kisiwa Panza waliwahi kufunga mwamba wa pweza kwa miezi kadhaa kisha wakaufungua. Pweza hukua haraka, kwa hiyo anayesubiri hulipwa mapema, na mwamba nao unapata nafuu. Hayo si marufuku ya milele wala si ruhusa holela.

Najua wapo watakaosema kuwa mwenye njaa hawezi kumngojea mjukuu. Ni kweli kabisa. Ndiyo maana miezi ya kusubiri inahitaji kugharamiwa, na hapo ndipo wafadhili mnapohitajika. Mradi wetu wa kawaida huisha baada ya miaka mitatu, wakati mkoko uliopandwa bado ni mchanga. Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Msumbiji, kusini ya Ruvuma, na wakazi wa mabondeni Mtwara walitakiwa kuhama. Siku kama ile mkoko uliokomaa hupunguza nguvu ya mawimbi. Mche wa picha ya uzinduzi hausaidii kitu.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kamati inapojadili mradi, theluthi ya wajumbe wazungumze kama watu wa mwaka 2060, na maneno yao yaandikwe kwenye muhtasari. Pili, wawemo vijana, wavuvi na akina mama wa pwani, wa dini zote, maana bahari ni moja. Tatu, kila andiko la mradi lijibu swali hili: fedha zikiisha, nani atautunza, na kwa kipato gani?

Mtoto anayenyonya leo, mwaka 2060 atakuwa mtu mzima mwenye watoto wake. Atakuwa na haki ya kuusoma muhtasari wetu. Tuuandike tukijua hivyo.