Breki Kwanza, Safari Baadaye

Hotuba ya mwalimu wa darasa la ufundi katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani



Leo ni 20 Juni, siku ambayo dunia inaiadhimisha kama Siku ya Wakimbizi tangu mwaka 2001.

Asubuhi mmesikia injini ya pikapu ikinguruma mbele ya karakana, na vigelegele vikapigwa. Lakini ratiba ilisema kwamba gari litazunguka uwanja likiwa limebeba watoto wa shule ya msingi, na halikuzunguka. Wengi wameuliza sababu. Naona ni heri nijibu mbele ya wote, kwa maana wanafunzi wangu wamelaumiwa bure.

Gari hili ni Peugeot 404. Huko kwetu Kongo, na kwa jirani zetu wa Burundi, wazee waliliita bashe, neno la Kifaransa, kwa sababu nyuma hufunikwa turubai. Aina hii ilianza kuuzwa mwaka 1960. Ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na mara mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, dereva alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Sifa yake nyingine wanaijua mafundi: silinda zake ni mabomba yanayochomolewa. Zikiisha, huchomolewa na kuwekwa nyingine bila kupeleka injini mjini kuchongwa.

Mwenye gari ni jirani yetu wa kijijini. Lilikaa bandani mwake miaka 16. Alikubali lije kwetu tujifunzie, kisha arudishiwe likiwa zima abebee mazao yake. Tulipata kibali, likavutwa kwa trekta mpaka karakana.

Siku ile ile vijana walitaka kuleta betri na kuwasha. Mzee wetu fundi akakataa. Alisema gari lililolala muda mrefu haliuawi na usingizi, linauawa na mtu anayeliamsha kwa pupa. Pistoni zikiwa zimeshikwa na kutu, ukilazimisha, ringi huvunjika na silinda hukwaruzika.

Basi kazi ilikwenda hivi. Kwanza tulikagua kwa macho. Panya walikuwa wamejenga kiota ndani ya kisafisha hewa na kutafuna nyaya. Tukatoa kiota na kubadilisha nyaya. Pili, tulifungua plagi zote nne, tukamimina kijiko cha oili katika kila silinda, tukaacha siku mbili. Ndipo tukazungusha injini kwa mkono, kwa hendeli, polepole, hadi ikalainika. Tatu, tulimwaga oili ya zamani. Maji ndiyo yaliyotangulia kutoka, kwa kuwa maji ni mazito kuliko oili na hukaa chini. Nne, tulimwaga petroli yote. Petroli ikikaa miaka huoza, harufu yake huwa kama ya vanishi, na huacha gundi inayoziba vitundu vya kabureta. Tulisafisha tangi, tukabadilisha mipira ya petroli, tukazibua kila kitundu. Tano, tuliosha rejeta mpaka maji yakatoka bila kutu. Mwisho tulisugua platini na kupima nafasi yake, sehemu 4 za kumi za milimita. Kazi yote hiyo ilichukua wiki 7, na injini ikawaka.

Sasa nakuja kwenye breki. Mafuta ya breki yana tabia ya kuvuta unyevu wa hewani. Yakikaa miaka mingi bila kubadilishwa, unyevu ule huleta kutu ndani ya masta silinda na ndani ya silinda ndogo za magurudumu, na raba zake hukauka au hunata. Tulipozifungua tulizikuta hivyo. Raba mpya zimeagizwa, bado hazijafika. Juzi mtu mmoja alitushauri tuoshe zile za zamani kwa mafuta ya taa, tuzirudishe kwa siku moja tu, sherehe ipite. Mafuta ya taa huvimbisha raba za breki na kuzilegeza. Breki ya namna hiyo inaweza kushika mara ya kwanza na kukataa mara ya pili, na uwanja wetu unateremka kuelekea mahali akina mama wanapochota maji.

Wanafunzi walikaa wenyewe, wakajadili, wakaamua gari lisisogee. Walijua wageni watakuja. Walijua watachekwa. Binti mmoja, mdogo kuliko wote darasani, alisema: "Injini ikikataa tutasukuma. Breki ikikataa tutasukuma nini?" Mimi kama mwalimu nasema mtihani wao wameufaulu hapo, kabla ya injini kuwaka.

Ndugu Mwenyekiti, nina maombi mawili. Mzee wetu fundi amejiandikisha kurudi nyumbani. Tunamtakia heri, ni haki yake. Lakini anayoyajua yamo kichwani na mikononi mwake, hayajaandikwa popote. Naomba siku alizobakiza awe karakana kila asubuhi, na wanafunzi wapewe madaftari ya kuandika kila hatua, kwa Kiswahili, pamoja na michoro. Vipuri vinaweza kuagizwa, ila mtu akishapanda gari la kurudi kwao hatutamwagiza tena.

La pili nalielekeza kwa ndugu zetu wa mashirika. Taarifa zenu huhesabu vijana waliomaliza mafunzo. Tunashukuru kwa hilo. Tunaomba pia kila anayemaliza apewe sanduku dogo la vifaa: spana, bisibisi, kipimo cha platini. Kijana akirudi kwao mikono mitupu, cheti kitakaa ukutani na magari yataendelea kulala mabandani.

Wazazi, msiwaonee haya watoto wenu kwa ajili ya leo. Raba zikifika, breki zikafungwa, hewa ikatolewa kwenye mabomba, tutalijaribu gari likiwa tupu kwanza, mahali tambarare, kisha likiwa na magunia ya mchanga. Likisimama kila tunapotaka lisimame, ndipo watoto watapanda, na mimi nitaomba Mwenyekiti akae mbele na dereva.