Majani Makavu Peke Yake Hayamtoshi Ng'ombe
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu)



Wenzangu wamekwisha kueleza hesabu za maziwa yaliyopokelewa. Mimi nitasema juu ya miezi ile ambayo maziwa hupungua.

Sisi wa mitelemko ya Kilimanjaro hufuga ng'ombe zizini, humo humo kihambani, na kiangazi kikifika majani hutoka uwandani. Mama zetu huyapandisha kwa vichwa vyao, na siku hizi kwa magari ya kukodi. Kazi yote hiyo, na huku ng'ombe anakonda mbele ya hori lililojaa! Jambo hili lataka kuelezwa.

Ng'ombe hayeyushi majani kwa nguvu zake mwenyewe. Ndani ya tumbo lake kubwa vimo vijidudu visivyohesabika ambavyo huyavunja, navyo vyahitaji protini. Protini ya chakula chote ikipungua chini ya sehemu 7 katika 100, vijidudu hulegea, majani hukawia tumboni, na ng'ombe hali tena kwa kuwa hana nafasi. Nyasi zilizokatwa baada ya kumwaga mbegu mara nyingi zina sehemu 4 au 5 tu, na mabua ya mahindi ni hivyo hivyo.

Wengi wetu hukimbilia pumba za mahindi. Haya, tufanye hesabu. Ng'ombe aliyekula kilo 8 za majani yenye sehemu 5 amepata gramu 400 za protini. Mwongezee kilo 1 ya pumba yenye gramu kama 100: jumla ni 500 katika kilo 9, nayo haifiki hata sehemu 6. Badala yake mpe kilo 1 ya mashudu ya alizeti yenye gramu 280. Jumla ni 680, nayo yapita sehemu 7. Sisemi pumba ni mbaya, maana zatia nguvu; bali zifuate mashudu, zisiyatangulie. Molasi ya Arusha Chini nayo ni vivyo hivyo: huyafanya mabua yalike, lakini protini yake ni haba.

Asiye na fedha ya mashudu na apande kaliandra mpakani. Majaribio ya Embu, nchini Kenya, yalionyesha kwamba kilo 3 za majani yake mabichi hufanya kazi ya kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Lusina pia yafaa, ila isizidi theluthi ya chakula, kwa kuwa ina sumu yake.

Mabua yaweza kutiwa urea: kilo 4 katika maji lita 60, yanyunyizwe juu ya kilo 100 za mabua, kisha yafunikwe yasipate hewa kwa wiki tatu. Kuna watu huitia urea katika maji ya kunywa ya ng'ombe. Hiyo ni kumwua. Ndama wasipewe kabisa.

Mwisho, nina ombi kwa Halmashauri. Mashudu huwa rahisi mara baada ya mavuno ya alizeti, na hupanda bei kiangazi kinapokaza, wakati kila mtu anapoyatafuta peke yake. Ghala tunalo. Chama na kinunue mapema kwa jumla, kila mwanachama akatwe kidogo kidogo katika malipo yake ya maziwa.