Chungu cha Kila Nyumba: Kinachoshika Vikundi vya Mbinga na Nyasa



Miaka kadhaa iliyopita nililetewa faili la kikundi kilichoomba mkopo. Halikukosa kitu: muhtasari wa kikao, orodha ya wanachama, namba ya akaunti, katiba yenye muhuri. Ukurasa wa tatu wa katiba hiyo nikakuta jina la kijiji limefutwa kwa wino mweupe, juu yake limeandikwa jingine kwa kalamu. Ukiinua karatasi dirishani, la zamani lilisomeka vizuri tu. Mkopo ulitoka, kikundi hakikumaliza mwaka. Saini yangu imo katika faili lile, kwa hiyo leo simcheki mtu.

Sheria tunaijua. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri. Ila fedha ikitangulia, watu hujipanga kuifuata, na wengine huonana kwa mara ya kwanza kwenye benchi la benki. Swali langu ni dogo: hapa kwetu, kabla ya fomu, watu walishikanaje?

Wamatengo wa milima ya Mbinga walikuwa na sengu. Wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mzee, na kila mke alipeleka chakula alichopika nyumbani kwake. Chungu kilichokuja nusu kilionekana. Nyumba ambayo haikuleta kitu, ama ina njaa ama ina ugomvi, na mikono ilikuwa haijakauka maji jambo limeshaulizwa. Hapo hapo, baada ya kula, ndipo palipoamuliwa shamba la nani linaanza na kijana gani anaonywa. Tusiipambe kupita kiasi: akina mama walipika bila kukaa katika baraza hilo. Lakini mchango wa kila nyumba ulikuwa mezani, hauhitaji mhasibu.

Ngoro, mashimo yetu ya kilimo cha mteremkoni, nazo ni hivyo hivyo. Mgeni anayepita Mbinga huona milima imechorwa mashimo kama sega la nyuki, akapiga picha, akaondoka. Kazi yenyewe ina zamu: wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, wanawake hufuata, wakichimba katikati ya kila mraba na kuufukia udongo juu ya nyasi, kisha maharage hupandwa kwenye matuta hayo. Mvua ikija, maji hutuama shimoni badala ya kubeba udongo bondeni. Mistari ikilazwa ovyo, mchimbaji ndiye wa kwanza kujua. Na ngokela, ile kazi ya kusaidiana kwa zamu, ilifanyika mteremkoni, mbele ya macho ya kijiji kizima upande wa pili wa kijito. Mvivu angejificha wapi?

Kisha ikaja kahawa, na fedha zikaanza kuingia nyumba kwa nyumba. Chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilianzishwa mwaka 1936. Wangoni na tumbaku yao, Wamatengo na kahawa yao. Kwa miaka mingi ushirika ulisomesha watoto na kuleta mbolea. Ila fungu la mkulima likahamia kwenye karatasi. Alipima kilo zake, akapewa stakabadhi, mengine yakafanyika mbali. Soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi miaka ya 1990 na MBICU, chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, ikaanguka, mkulima wa kawaida hakuwa na namna ya kusema fungu lake lilikatika wapi. Sengu nayo ilikuwa imeshapungua, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na fedha yake na chungu chake.

Ndiyo maana naiheshimu kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Japani katika kijiji cha Kindimba, Mbinga, kuanzia mwaka 1999. Hawakufika na katiba. Walikaa kwanza kuielewa sengu, na kamati ya kijiji ilipoundwa ikachukua jina hilo.

Tukishuka Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay, mambo hayabadiliki sana, ingawa watu wa milimani na wa ufukweni hupenda kutaniana kwamba hawafanani. Usipa huvuliwa usiku kwa taa. Alfajiri samaki humwagwa, mafungu hukatwa hadharani: la mwenye mtumbwi, la mwenye wavu, la waliovua. Kelele huwa nyingi, na ni kelele zenye afya. Jioni wavuvi hao hao huenda kucheza ngoma ya mganda: safu zimenyooka, mavazi meupe, ngoma kubwa katikati. Akina mama wana ngoma yao, kioda. Timu ya kijiji jirani hualikwa, hulishwa, kisha hushindwa ikiwezekana. Anayekosea hatua huonwa na vijiji viwili.

Mchana tutagawanyika kwa kata. Naomba kila meza ichukue faili moja la kikundi kilichokufa, iache katiba pembeni, na ijibu: wanachama hawa walikuwa wakionana wapi kabla ya mkopo, na nani aliona fungu la nani?