Bunduki Zinapouzwa Kulipa Madeni

Nchini Marekani, mtu akibanwa na kodi ya nyumba au gharama za hospitali, huenda kabati la bunduki alizokusanya kwa miaka ndilo akiba pekee iliyobaki.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inamruhusu mkusanyaji binafsi kuuza sehemu ya silaha zake, au zote, bila leseni ya biashara. Bunge lilipowabana mwaka 2022 wanaouza hasa kwa kutafuta faida, ruhusa hiyo haikuguswa. Mnunuzi wa jimbo jingine lazima apitie kwa muuzaji mwenye leseni, ajaze fomu namba 4473 na rekodi zake zikaguliwe. Wa jimbo lile lile? California na Colorado zinadai ukaguzi, Texas haidai.

Hapo ndipo penye hatari. Mwenye dhiki huuza upesi, wala haulizi mengi. Ada ya muuzaji mwenye leseni inafaa kulipwa hata pale sheria isipolazimisha, ili bastola isiangukie mikononi mwa asiyeruhusiwa kuimiliki.

Wapo wanaoiweka rehani badala ya kuiuza. Siku ya kuikomboa, mwenyewe hukaguliwa upya, sawa na mnunuzi mgeni.