Mazungumzo ya Afya: Mkojo Kuvuja Baada ya Hedhi Kukoma

Maneno yaliyoandaliwa kwa vikundi vya akina mama wa wadi ya Soin



Yuko mama ambaye kanisani huketi benchi la nyuma, karibu na mlango. Zamani aliongoza nyimbo. Sasa ana miaka 52, hedhi yake imekoma, na kila akikohoa, akicheka au akiinua mtungi wa maji, mkojo humtoka. Hajamwambia mtu, hata dada yake. Siku ya chama husingizia kazi. Akienda kupalilia miwa hanywi maji, na jua la Soin mnalijua. Mama huyu hatatajwa jina, kwa sababu yuko katika kila kijiji.

Jambo la kwanza analopaswa kusikia ni kwamba huu si uchafu, si laana, na si lazima avumilie kwa kuwa umri umesonga. Ni misuli iliyolegea, na misuli hufundishika.

Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama machela. Hubeba kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo, na husaidia kufunga njia ya mkojo. Kuzaa huinyoosha. Mizigo mizito, kikohozi cha muda mrefu na kufunga choo huichosha. Hedhi inapokoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni hupungua na sehemu hiyo huzidi kudhoofika.

Mwaka 1948 daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika kuhusu mazoezi ya misuli hii. Hadi leo mazoezi hayo ni miongoni mwa tiba za kwanza, na hayagharimu hata shilingi.

Lala chali, magoti yakiwa yamekunjwa. Bana kana kwamba unazuia mkojo na hewa kwa pamoja, ukivuta misuli kuelekea juu. Usibane makalio wala mapaja, na usizuie pumzi. Shikilia hadi uhesabu tano, kisha legeza kabisa uhesabu tano. Rudia mara 8 hadi 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Ukizoea, fanya ukiwa umeketi, kisha ukiwa umesimama, hakuna atakayejua. Usifanye zoezi hili wakati unakojoa. Na usikate tamaa wiki ya pili: huhitaji angalau miezi mitatu.

Mkao nao una kazi yake. Mtungi wa lita 20 ukijaa una maji ya kilo 20. Ukiweza, beba lita 10 mara mbili. Usogelee mtungi, kunja magoti badala ya kuinama kiunoni, bana misuli kwanza, kisha toa pumzi ukiinuka. Bana vivyo hivyo kabla ya kukohoa au kupiga chafya. Anayechuma majani chai kule juu na anayepalilia hapa Soin wasimame kila mara, wanyooshe mgongo na kupumzika. Chooni, chuchumaa au keti vizuri bila haraka, wala usisukume kwa nguvu.

Usiache kunywa maji. Mkojo mzito huwasha kibofu, na ukavu huleta kufunga choo. Kuhusu chai, hakuna atakayewaambia watu wa Kericho waiache. Lakini ina kafeini, ambayo huamsha kibofu. Punguza vikombe, hasa jioni, uone tofauti.

Yapo mambo ambayo mazoezi peke yake hayatatui. Nenda zahanati ukiona damu kwenye mkojo, ukihisi maumivu au kuwashwa unapokojoa, ukiwa na kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara, au ukihisi kitu kinashuka ukeni. Ukiona damu ukeni baada ya hedhi kukoma kwa mwaka mzima, usingoje hata kidogo. Na mkojo ukitiririka mchana na usiku, hasa tangu uzazi uliokuwa mgumu, huenda ni fistula. Hiyo ni tundu linalohitaji upasuaji, na wengi hupona.

Mhamasishaji wa afya ya jamii anapofika nyumbani kupima shinikizo la damu, mwambie na hili. Si neno jipya kwake. Akina baba nao wakumbuke kwamba mke anayeamka usiku mara nne hahitaji mzaha. Anahitaji mtu wa kumbebea mtungi.

Kisha leo, kabla ya kulala, yule mama wa benchi la nyuma ahesabu tano zake za kwanza. Kesho amnong'oneze dada yake. Huenda dada naye amekuwa akinyamaza.